Viatu vya Mgunduzi

Tangu biashara iachiwe huru, mwenye duka wa hapa Mazwi asipoweka video hapati wateja. Juzi niliingia duka moja nikakuta mabenchi yamejaa. Kwenye kioo cha televisheni alikuwapo Mzungu mwenye kofia pana, bingwa wa mambo ya kale, amesimama mlangoni pa kaburi la mfalme huko Misri. Nyuma yake wenyeji walikuwa wakipokezana makarai ya mchanga.

"Anasema amegundua kaburi," mwenye duka alitutafsiria.

Mama mmoja mwenye kikapu cha ulezi alikisogelea kioo. "Mbona viatu vyake vinang'aa?"

"Mama, huyo ndiye mtaalamu."

"Na hao wenye makarai?"

"Vibarua."

"Kumbe. Wamechimba wote, akaliona yeye peke yake."

Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote, mpaka mama alipogeuka nikamtambua.

Mwaka jana niliwasimulia katika safu hii ya gazeti nilivyogundua tanuru la kale, refu kuliko mtu, ambamo Wafipa walikuwa wakiyeyushia chuma. Picha yangu ilitoka, mkono kiunoni. Sikuandika kwamba tanuru lilikuwa shambani kwa mama huyu, wala kwamba alitangulia akinifyekea nyasi, akamfungua mbuzi wake aliyekuwa amemfunga hapo, ndipo nikagundua.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikificha miguu chini ya benchi.

Aliinama akavitazama viatu vyangu bila haraka.

"Marahaba, mtaalamu. Mbuzi hajambo."