Nilikataa Kufuta Jina la Mama Nyota

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja kando ya ziwa, daktari mkurugenzi alinipa ufunguo wa famasi na onyo. "Binti, dawa haiko na huruma. Inasaidia mwenye anaimeza vile inapashwa." Maneno hayo niliyashika.

Baadaye sana nilihamishiwa kituo cha afya cha Pinga, ambako wagonjwa hufika kwa pikipiki, matope mpaka kiunoni. Bosi wangu alikuwa titulere, yaani muuguzi mkuu wa kituo. Kwenye orodha yetu ya wagonjwa wa kupewa dawa ya kansa alikuwamo Mama Nyota, mjane mkulima wa mihogo. Mjini walikuwa wamemkata titi moja, na kipimo kilionyesha kwamba kansa yake inalishwa na estrojeni, homoni ya kike. Hedhi yake ilikoma zamani. Kwa mwanamke wa umri huo ovari zimelala, lakini mwili bado hutengeneza homoni kidogo, hasa kwenye mafuta. Anastrozoli huziba njia hiyo: kidonge kimoja kila siku, na yeye aliandikiwa miaka mitano. Huumiza viungo na kudhoofisha mifupa, ila kansa inakosa chakula chake.

Siku moja nilimpa vidonge vya mwezi. Papo hapo, mbele yangu, akaikata karatasi ya vidonge katikati na kumpa nusu wifi yake aliyemsindikiza.

"Na yeye iko na kivimbe mu titi," akasema. "Tangu niolewe tunakulaka sahani moja. Nimeze miye peke, yeye ananiangalia?"

Nilikasirika, siwafichi. Wifi huyo bado alipata hedhi, na dawa hii peke yake haimfai mwanamke ambaye ovari zake zinafanya kazi. Tena uvimbe wake haukuwa umepimwa popote. Nilipowauliza, kumbe walikuwa wakimeza kwa zamu, leo huyu kesho yule: mmoja anameza bure, mwingine anapata nusu ya tiba. Niliwaeleza, nikamwambia Mama Nyota vidonge vyote avimeze yeye peke yake.

Titulere alisikia yote. "Mufute. Anachezea dawa, na dawa iko kidogo. Tutapatia mwingine."

"Simufuti," nikamjibu. "Hakuna mutu alimuelezea, na kosa hiyo iko yetu. Kamata kalamu, ufute weye mwenyewe."

Hakuishika kalamu. Wiki hiyohiyo nilimpeleka wifi mjini, wakachukua kipande cha nyama kukipima. Ilikuwa kansa, na vipimo vingine vilionyesha imeshafika kwenye ini. Tulimzika kabla ya mavuno ya maharagwe. Halafu, kwa kuwa nilimkaidi titulere, ikaja barua ya kunihamishia Rubaya, kugawa dawa za migongo kwa wabeba mizigo wa migodini. Niliisaini bila kuomba msamaha, na leo pia siombi.

Sasa nimestaafu, naishi Kirotshe. Wenzangu husema nilijiharibia cheo kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Waseme. Nyinyi vijana mnaoingia famasi, kabla ya kumgombeza mgonjwa, muulizeni anakula na nani.

Juzi Mama Nyota alinitembelea, amekonda kidogo, anatembea kwa fimbo.

"Nimemaliza miaka tano," akasema. "Lakini kila asubui nilisikia haya kumeza miye peke."

Nikamwambia anilaumu mimi kwa haya hiyo. Makaburi mawili nisingekubali.