Golikipa Aliyekaa Nyuma ya Lango

Kakuru alikuwa zizini akiwatandikia ndama majani makavu ya migomba, Gosbert alipoingia uani na viatu vyake vya ngozi. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na tatu. Kesho yake timu ya Rugu ingecheza fainali ya kombe huko Nkwenda.

Kakuru ndiye aliyekuwa golikipa wa Rugu tangu kabla ya vita vya Hitler. Wenzake karibu wote walikuwa na vipara, wajukuu, na magoti yanayolia kama mlango wa zamani. Hakuna aliyewatarajia kufika fainali. Walipowafunga Songambele, watu walisema ni bahati. Walipowatoa vijana wa misheni, watu walisema ni mvua.

Gosbert naye aliwahi kuwa beki wao. Sasa alikuwa mkubwa wa kamati ya kombe, tena mlezi wa timu ya Nkwenda. Ujanani yeye na Kakuru walichanjiana: walichanjwa tumboni, buni za kahawa zikapakwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Mapadre walikataza jambo hilo, lakini Karagwe nzima ilijua: ndugu wa kuchanjiana akikuomba kitu, huna ulimi wa kukataa. Ukikataa, ile buni itakuvimbisha tumbo ufe.

"Bwana mkubwa anatoka Bukoba kuja kutoa kombe," alisema Gosbert. "Anataka kuona vijana. Ninyi mtamwonyesha nini? Mvi?"

"Tutamwonyesha mabao."

"Wewe ndiye ukuta wao." Gosbert alishusha sauti. "Nakuomba kwa undugu wetu, Kakuru. Kesho usicheze."

Hasira ilimpanda Kakuru polepole, kama maji yanavyopanda chunguni. Fainali hiyo aliingoja tangu ndevu hazijamwota.

Mkewe, Kokuberwa, alisema kutoka jikoni, "Muulize kama tumbo lake halimuumi. Naye alikula buni."

"Nimekubali," alisema Kakuru hatimaye. "Sichezi."

Gosbert alitabasamu, akageuka kuondoka.

"Ngoja. Na mimi nina langu la kuomba."

"Omba tu, ndugu yangu."

"Kesho simama langoni mwa Rugu badala yangu. Na udake."

Gosbert alicheka. Akaona anacheka peke yake. "Mimi ni wa kamati, Kakuru."

"Umezaliwa Rugu. Kanuni ya kwamba mtu achezee alikozaliwa uliitunga mwenyewe. Nimekuomba kwa undugu. Kataa, tuone."

Gosbert hakukataa.

Jumapili baada ya misa alisimama langoni pekupeku, suruali ameikunja. Vijana wa Nkwenda waliona raha isiyo na kifani.

"Mzee Gosbert, tukufungie kulia au kushoto?"

Kakuru alikaa chini nyuma ya lango. Hakutazama mchezo, alimtazama mtu.

Kyomukama, mkongwe kuliko wote, alitangulia kuifungia Rugu kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Nkwenda wakarudisha: mpira mwepesi, wa chini, ukapita kando ya mguu wa Gosbert kama kuku anayetoka nje.

"Hiyo umeiachia," alisema Kakuru.

"Nimeteleza."

"Tumbo halitelezi."

Gosbert aligusa tumbo lake bila kutaka. Tangu hapo alicheza kama mtu anayekimbizwa. Wazee wakaendelea kupigiana pasi fupi, bila haraka, huku vijana wakijichosha kwa mbio, mpaka Kyomukama akafunga tena kwa kichwa. Dakika za mwisho kijana mmoja wa Nkwenda akabaki peke yake na golikipa, akaupiga kwa nguvu zote. Gosbert alijirusha. Mpira ukampiga usoni, ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Rugu ilikuwa bingwa. Wazee walilia bila aibu, wakambeba Kyomukama, wakamwita Kakuru aje ashike kombe.

Gosbert alikuja kwanza, damu ikimtoka puani, mikono yote miwili ameinyoosha. "Nimedaka, ndugu yangu."

"Umedaka mpira wangu," alisema Kakuru. "Niliungoja miaka yote hii. Mwakani magoti haya hayatakuwepo. Nirudishie ule mmoja tu, kisha tuongee habari ya undugu."

Kakuru aliiacha mikono ile ikining'inia hewani, akawapita wenzake na kombe lao bila kuligusa, akashika njia ya Rugu peke yake.