Tutapika Mpaka Ashindwe Kuinuka

Mama mkwe wangu hakuwa na haja ya simu. Akisimama katikati ya shamba lake la chai huku juu ya Kaplong akaita ng'ombe, ng'ombe wa Sigor waliinua vichwa wakaulizana kama ni wao. Nasema ukweli, au jirani yake wa karibu sana. Mke wangu, ambaye ni binti yake wa kwanza, alimnunulia simu ya kupangusa ili apumzishe koo, naye akaigeuza kuwa kituo cha redio. Kuandika alikataa katakata. Alisema vidole vyake vimezoea majani mawili na kichipukizi, havitaki kudonoa kioo kama kuku. Kwa hiyo alituma sauti. Mvua ikinyesha tulipata sauti, mvua ikikoma tukapata nyingine, na katikati ya hapo alituimbia pambio zima la kanisa, na ng'ombe akimjibu kwa nyuma.

Watoto wangu humwita kogo, yaani nyanya, na mimi nikafuata. Kwetu upande wa magharibi, ambako baba yangu alitoka kuja kuchuma chai ya kampuni, mkwe hataji jina la mama mkwe hata nyumba ikiungua.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze kabla sijasonga. Kwa Kogo, na kwa watu wengi wa huku waliozaliwa na Kikipsigis mdomoni, K na G ni mapacha. P na B vilevile, T na D vilevile. Gari linaweza kuwa kari na dada akawa tata, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Mtu wa huku akikwambia mke wake anapiga ugali, hukimbii kuuokoa ugali. Unanawa mikono. Mimi mwenyewe nililisoma jambo hili kwa kina pale ngumbaru, shule ya watu wazima, ambako tuliingia darasani jioni tukinuka chai na jasho, nikatoka na cheti ambacho mke wangu amekitundika juu ya picha ya harusi. Nikisimama vizuri mbele ya kile cheti naonekana mrefu.

Basi tukaambiwa kwamba mkubwa fulani wa serikali atakuja kufungua banda letu jipya la kupimia majani. Kogo alikuwa kiongozi wa jiko la kanisa. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake duniani, na hakukitaka kingine. Harusi, mazishi, kipaimara, yeye ndiye aliyesimama juu ya sufuria na mwiko mrefu kama kasia, na hata mchungaji alisubiri amri yake kabla ya kuombea chakula. Akatuma sauti kwa kikundi cha kina mama, na mke wangu, aliyekuwamo, akanirushia nami. Nimeisikia mara nyingi mno, naikumbuka kama Baba Yetu:

"Kila mama akuje na kisu, na mafuta, na kuni. Yule mnene tutamchinja mapema. Huyo mkubwa akishakaa kwa kiti, tutapika mpaka ashindwe kuinuka."

Mnene alikuwa beberu. Kisu kilikuwa cha viazi. Lakini kwa ulimi wa Kogo "tutapika" ilitoka "tutapiga".

Maafande walimjia asubuhi moja akikamua. Gari lilikuwa kubwa kuliko zizi, na wale maafande walivaa kiraia, viatu vya kung'aa, wakirukaruka kuepuka mavi ya ng'ombe kama watoto wakikwepa mpira wa kati. Shemeji yangu, mwana wa kiume wa kwanza wa Kogo, aliwauliza kama wana karatasi ya korti. Mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Karatasi ya nini, bwana? Mama yenu ameongea mwenyewe." Shemeji akauliza walisikiaje, kwani kile kikundi ni cha kina mama watupu. Hapo mmoja akainama kufuta kiatu. Kogo aliomba amalizie chuchu mbili zilizobaki. Wakamruhusu, niwe mkweli. Walisubiri.

Mke wangu na mimi tulifika kituoni nikiwa na cheti changu kwenye bahasha. Nilidhani kitasaidia. Afande aliyekuwa na faili alikuwa kijana kutoka mbali, mtu wa adabu, hata kiti alinipa. Akatuchezea ile sauti kwenye kompyuta. Ilikuwa safi kuliko tulivyokuwa nayo sisi. Ulisikia mpaka ndege nyuma yake. Kisha akatugeuzia kioo tuone ilivyopigwa chapa, na pale palikuwa na kisu, na mafuta, na kuni, na kuchinja, na kupiga, na mkubwa kwenye kiti. Nakwambia, ningekuwa sijala chakula cha yule mama kwa miaka yote hiyo, hata mimi ningemfunga.

Nikamweleza habari ya K na G. Nilimweleza kama mwalimu, kwa mikono na miguu. Afande alisikiliza, akafikiri, akapata wazo lililoonekana la haki. Akamgeukia Kogo, aliyeketi kando yetu.

"Mama, hebu sema kupika."

"Kubiga," akasema Kogo.

"Sasa sema kupiga."

"Kubiga."

Afande akanitazama mimi. Kogo naye akanitazama, ameridhika, kama mtoto aliyepata vema zote. Afande akaandika kwamba mshukiwa amerudia maneno yale mara mbili mbele ya mashahidi. Mashahidi ndio sisi.

Walimkalisha huko mpaka mkubwa alipokuja na kuondoka. Kule bandani, nilivyosikia, mkubwa alilishwa mkate na soda, akainuka kwenye kiti bila shida yoyote. Halafu wakamwachilia Kogo, simu wakabaki nayo. Yule afande mwenye adabu alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia, "Nenda nyumbani, mama. Hakuna kesi."

"Na sauti yangu?" Kogo akauliza.

"Hiyo itabaki."

Hakuna kesi. Ni maneno matamu mpaka uyatafune. Tulifurahi njia nzima, mke wangu akimpapasa mama yake mgongo, na tulipofika Kaplong ndipo Kogo akasema lile ambalo sisi wenye vyeti hatukuwa tumeliona. Alisema kama hakuna kesi, basi hakuna hakimu, na kama hakuna hakimu, nani atasimama siku moja aseme mbele ya watu kwamba alikuwa anapika?

Hakuna aliyesimama. Kina mama walianza kutoka kwenye kile kikundi, mmoja mmoja, bila ugomvi. Wengine walimwambia kanisani ni simu tu imeharibika. Walimpenda, wote walijua ni viazi, lakini kila mmoja alijiuliza ni nani ndani ya kikundi aliyeipeleka ile sauti, au kama haikupelekwa na mtu bali ilinyakuliwa hewani, na sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Kanisa likasema Kogo apumzike kidogo jikoni, mpaka mambo yatulie. Mwiko akapewa mama mwingine. Jumapili ya kwanza wali ulikuwa mgumu kiasi kwamba ungeweza kumwagwa barabarani badala ya lami. Kogo alikula sahani yake yote, kwenye benchi la nyuma.

Ndipo tukasikia habari za mkutano. Kulikuwa na mswada, watu walisema, wa kuruhusu serikali isikilize simu za watu bila kwenda kwa hakimu kwanza, na wananchi wangetoa maoni kwenye ukumbi pale Sigor. Shemeji alicheka, akasema sasa wanaomba ruhusa ya kufanya walichokwisha kufanya. Lakini Kogo alitoa gauni lake la Krismasi. Alisema atakwenda kuomba kitu kimoja tu: ile sauti iwekwe kwenye spika, watu wote waisikie yote, na beberu na viazi, na kila mtu ataelewa, kwa maana ukumbi mzima ungekuwa wa watu wa huku, wenye masikio ya huku. Nilimwona ana tumaini. Nami, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikachukua tumaini lake na la kwangu, nikashuka mpaka Sigor nikiwa nimebeba yote mawili.

Ukumbi ulifurika hata watu wengine, naapa, walikalia madirisha kama njiwa. Mheshimiwa mmoja aliueleza mswada vizuri sana. Alitutuliza. Alisema serikali ni mzazi, na mzazi husikiliza mlangoni watoto wakinyamaza sana. Kisha akasema lile ambalo husemwa, kwamba kama huna la kuficha, unaogopa nini?

Mzee mmoja wa chai akainuka na fimbo yake, akauliza kwa heshima, "Mheshimiwa, kama huna la kuficha, mbona umevaa suruali?"

Mabati yaling'oka misumari kwa kicheko. Mheshimiwa mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, na nilipomwona anacheka hivyo nikajua tumeshindwa. Mtu anayeogopa hoja hacheki namna hiyo.

Halafu akasimama mfugaji wa Chebunyo, mtu mkavu, hakutafuta kuchekesha mtu. Alisema ng'ombe wake waliibwa, wote, mpaka ndama, na waliporudi ni kwa sababu polisi walisikiliza simu ya mwizi usiku uleule. Wangengoja hakimu aamke na kunywa chai, ng'ombe wangekuwa wamekwisha kuwa supu. Akatuuliza sisi wa haki za faragha kama tumewahi kukuta zizi tupu asubuhi. Vichwa vikainama. Kwa sababu wengi walikuwa wamekuta. Kijana wa chuo aliyejibu alisema mambo ya katiba, mazuri, kwa Kiingereza chepesi na Kiswahili kizito, akasema hakimu yupo ili mwizi asikilizwe, mama asisikilizwe. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kuingia ukumbini, na ng'ombe wakiingia mahali huku kwetu, katiba hupisha njia.

Kogo akainua mkono. Wakampa kipaza sauti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumpa kwa hiari. Aliongea polepole. Alisema yeye hajui mswada. Alisema sauti yake ilichukuliwa na iko kwa serikali, naye hadai kulipwa wala kuombwa msamaha. "Nataka iwekwe hapa," akasema. "Watu wasikie. Halafu waseme kama mimi ni muuaji."

Wale wakubwa wa meza ya mbele wakainamiana. Mmoja, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akamjibu kwamba kwanza hawezi kuthibitisha kama sauti hiyo ipo, na pili, kama ipo, haiwezi kuchezwa hadharani, kwa kuwa ni siri.

"Siri ya nani?" Kogo akauliza. "Mdomo ni yangu."

Watu wakacheka tena, kicheko kilekile cha suruali. Hawakumcheka kwa ubaya. Walidhani ni mzaha mwingine. Mheshimiwa akamshukuru mama kwa mchango wake mzuri, akaomba msemaji mwingine. Kogo alibaki amesimama na kile kipaza sauti mpaka mtu akakichukua mkononi mwake, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Mswada ulikwenda huko unakokwenda. Wengine wanasema ulipita, wengine wanasema umekwama, na kwa Kogo hakuna tofauti.

Simu alirudishiwa, ikiwa tupu, imefutwa yote. Wiki chache baadaye alikuja nyumbani kwetu, akaketi chini ya kile cheti changu, akaniambia nimfundishe. Sikuelewa. Akasema, "Hiyo kupika. Hiyo ya maafande wa kituoni." Nikamwambia Kogo, kusema kwako hakuna makosa. Akasema anajua, nimfundishe tu.

Tulifanya mazoezi tukichuma chai, vikapu mgongoni. Pi. Ka. Nilimwekea jani mbele ya midomo: ukisema pi sawasawa, jani linatikisika. Mwanzoni jani lilikaa kama limekufa. Alijaribu mpaka mate yakamkauka, mwanamke ambaye mate hayakuwahi kumkauka. Kisha siku moja jani likatikisika. Nikampongeza kwa sauti kubwa, watu wa shamba la jirani wakasimama kutazama. Yeye hakutabasamu. Alirudia tena, na tena, kila herufi mahali pake.

Siku hizi hutuma sauti mara chache. Kwanza husalimu, halafu hutulia, unasikia anavyopima kila neno kabla hajaliachia. "Habari ya jioni. Leo nimepika kunde. Asanteni." Ni Kiswahili safi kabisa. Ngumbaru wangempa cheti bila mtihani. Ng'ombe hasikiki nyuma. Nadhani huwa anaingia ndani na kufunga mlango.

Mara ya kwanza ilipofika, binti yetu mdogo alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Huyo ni nani?" Mke wangu akasema ni kogo. Mtoto akakataa. Akaomba tumwekee ile nyingine, ya zamani, ya mbuzi.

Tulitafuta. Yangu niliifuta siku ile waliyomchukua, kwa woga, na ya mke wangu ilikwenda na simu ya zamani. Kina mama wote walifuta zao. Iko mahali pamoja tu, safi, mpaka na ndege, na huko hairuhusiwi kusikilizwa na mtu.