Paja la Mahad

Juwairiya binti Sebit alikuwa na ugomvi wa miaka kumi na mmoja na wanaume wa mpira wa Mbale, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya robo saa tu. Robo saa ya kukimbia polepole, kuinua magoti, kuruka kidogo na kunyoosha viungo kabla ya mchezo. Wanaume hao walikuwa radhi kumpa kila kitu kingine: kiti cha plastiki kivulini, jezi iliyoandikwa DAKTARI mgongoni, soda. Robo saa hawakuwa nayo. Walifika uwanjani wamechelewa, wakavaa viatu huku wakibishana nani aanze, wakapiga mashuti mawili matatu golini kwa nguvu zao zote, na hiyo ndiyo ikawa kupasha misuli moto. Dakika ya kumi mtu anachechemea, na macho yote yanamgeukia Juwairiya kana kwamba yeye ndiye aliyemchezea rafu.

Wala hakuwa daktari. Siku za kazi alipima chumvi na majani ya chai katika duka la jumla mjini. Kuchua alifundishwa na marehemu mama yake, nyumbani kwao Namatala, ambako Wanubi wa mtaa mzima walikuja na vifundo vilivyoteguka. Kisha akaenda Jinja kwa kozi ya huduma ya kwanza ya wiki sita, na huko akaambiwa jambo lililomchoma: kifundo kilichoteguka leo hakichuliwi leo, wala hakikandwi kwa maji ya moto. Kinapumzishwa, kinawekewa barafu iliyofungwa kitambaani, kinafungwa bandeji, kinainuliwa. Akaikumbuka miguu yote waliyoikanda yeye na mama yake mpaka ikavimba zaidi. Alilia bwenini, kisha akafuta machozi na kuandika kila kitu. Alirudi Mbale akidhani watu watafurahi kusikia, nao wakatia pamba masikioni.

Mahad tu ndiye aliyesikia, na hata yeye si mara ya kwanza. Alikuwa winga wa timu ya Nabuyonga, miaka ishirini na miwili, mbeba magunia sokoni. Msuli wa nyuma ya paja lake la kulia ulichanika, naye akarudi kucheza baada ya siku tisa kwa sababu hakusikia tena maumivu akitembea, na kwa sababu kocha Gidudu alimwambia mpira unachezwa kwa moyo. Moyo ulikuwepo, ila msuli ulichanika tena. Safari ya pili alikuja kwa Juwairiya ameinamisha kichwa.

"Mama, we niambie tu," alisema. "Mi nitafanya yote."

Na kweli alifanya, miezi mitano. Kwa kuwa haikupendeza mwanamke kumshika mapaja kijana wa watu, Juwairiya aliketi kwenye kigoda na kutoa amri, na mdogo wake Amir ndiye aliyeshika. Mahad alipiga magoti mkekani, Amir akambana vifundo kwa nyuma, naye akajishusha mbele polepole, mgongo umenyooka, mpaka mikono iguse chini. Mara sita, pumzika, mara sita tena. Baadaye kutembea haraka, kukimbia nusu ya nguvu, kukata kona. Mbio kamili alinyimwa mpaka siku mguu wa kulia ulipolingana nguvu na wa kushoto. Amir alilalamika kwamba amegeuzwa pingu ya bure, lakini hakukosa hata siku moja.

Ndipo ikaja habari ya Magid. Magid alikuwa akiitafutia klabu moja ya Jinja wachezaji, na alikuwa anakuja Jumamosi kwenye mechi ya kufungua mashindano. Alimwambia Gidudu kwa simu bila kuzunguka: atamtazama Mahad mara moja tu. Paja likimaliza mchezo, kijana anaondoka naye. Likitoneka mara ya tatu, wako wengine. Tangu siku hiyo Mahad alipunguza hata magunia, na Juwairiya hakulala vizuri.

Jumamosi hiyo, kwa hofu, Gidudu alimkabidhi Juwairiya timu nzima saa tisa na nusu. Mechi ilikuwa saa kumi. Aliwakimbiza, akawaamuru waruke, akawanyoosha, kila mtu jasho shingoni.

"Paja?" alimuuliza Mahad.

"Iko moto kabisa, mama."

Saa kumi ikafika, mgeni rasmi hakufika. Gidudu alikuja akijifuta uso. "Nyabo," alimwita kwa heshima, "wacha vijana wakae kidogo. Mheshimiwa iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani tu."

Hakuwaacha wakae. Aliwapeleka nyuma ya goli, akaendelea kuwachezesha. Saa kumi na nusu gari la mheshimiwa likaingia, na timu zote mbili zikapangwa mstari mbele ya turubai, mikono nyuma, kusubiri kupewa mkono. Mheshimiwa aliwapa mkono mmoja mmoja, akauliza majina, akapigwa picha. Kisha akashika kipaza sauti. Alikuwa ameleta katoni ya bandeji, na kwa kuwa ameleta bandeji alitaka kuzungumzia afya ya wachezaji. Juwairiya alipita nyuma ya mstari damu ikimchemka.

"Chezesha miguu," alimnong'oneza Mahad.

Mahad akaanza kuinua visigino. Mshereheshaji akamkazia macho, kwamba mbele ya mheshimiwa hakuchezwi ngoma. Kijana, kwa adabu zake, akatulia.

"Na hapa tuko na mama yetu," mheshimiwa alisema mwishoni. "Daktari wetu. Aje atusalimie, atufundishe kidogo namna ya kuzuia majeraha."

Juwairiya alikwenda akiwa na sentensi moja tu kinywani: asanteni, mwamuzi apulize kipenga. Alipokea kipaza sauti, akageuka. Chini ya turubai waliketi makocha wa timu sita, wafanyabiashara wa mjini, akina mama, wazee wa msikiti, wote kimya, wote wakimtazama yeye. Alitoa salamu, na salamu ikajibiwa mpaka upande wa pili wa uwanja.

Akasema. Alisema juu ya kifundo na maji ya moto, na akina mama wakatazamana. Alisema juu ya viatu vya kuazima, juu ya wanaocheza mechi mbili siku moja ya Idd, juu ya kurudi uwanjani kabla ya kupona. Kiswahili chake, ambacho wapo hapa mjini wanaokisikia bado kama lugha ya kambi za askari, leo hakikumkera mtu. Kocha mmoja aliuliza swali, akamjibu, na jibu likazaa swali jingine.

"Msuli uliopoa hauvutiki," aliwaambia. "Ukiushtua unachanika."

Wakapiga makofi. Mahad naye alipiga makofi, pale mstarini, akimtabasamia kwa fahari, kisha akakunja mikono kifuani kwa sababu upepo wa mlimani ulikuwa umeanza kushuka. Juwairiya alimwona. Alimwona vizuri kabisa, kisha akaongeza jambo moja tu juu ya kunywa maji.

Dakika ya nne ya mchezo mpira mrefu ulitupwa pembeni. Mahad aliufuata kwa mbio zote, akampita beki, na pale pale akashika nyuma ya paja. Aliruka hatua mbili kwa mguu mmoja, akaketi kwenye nyasi. Magid alimtazama kwa muda, halafu akahamia upande wa pili wa uwanja kumwangalia winga mwingine.

Walimtoa nje. Amir alibana barafu, Juwairiya akapiga magoti kando.

"Imetoneka?" Mahad aliuliza.

"Imetoneka, mwanangu."

Mahad alilitazama paja lake. "Ni mi niliharakisha."

Juwairiya alifungua kinywa kumwambia si yeye. Wakati huo Nandutu, kocha wa timu ya wasichana, alikuja mbio na simu mkononi, uso unang'aa.

"Dakitari, leo umesema," alisema. "Dakika kumi na mbili, zote nimerekodi. Nawatumia makocha wote sasa hivi."

"Tuma na kwangu," Mahad alisema kutoka chini, macho ameyafumba kwa maumivu. "Nilikuwa nasikiliza, lakini mwisho baridi ilinishika."