Mwili wa Jemadari

Kabla ya kumgusa mtu yeyote, shangazi yangu alisugua viganja mpaka vikapata moto, kisha akavipima shavuni mwake. Alifanya hivyo kwa wagonjwa hospitalini, na nyumbani kabla ya kunisuka nywele, hata siku za joto kali. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kutembea tena watu walioumia, na kwa kuwa neno lake kuu lilikuwa "nyoosha," mtaa mzima ulimwita Nyoosha.

"Nyoosha, njoo uninyooshee mume wangu," jirani yetu mshonaji alizoea kumtania. "Amepinda tangu anioe."

"Huyo si mgonjwa, mama. Huyo ndivyo alivyokuja."

Vita vilikuwa vimezoeleka kama mvua. Baba yangu, mdogo wa pekee wa shangazi, alichukuliwa jeshini, na baadaye tukaambiwa amepotea. Hatukuletewa mwili, kwa hiyo hatukujua tulie au tungoje.

Wakubwa wa vita, wao, hawakupotea. Akili ya mkubwa ilihifadhiwa katika mtambo; mwili wake ukilipuliwa, akili ile ilimiminwa katika mwili wa askari ambaye ubongo wake umekufa. Jemadari wa upande wetu, aliyekataa kila mazungumzo ya amani, alikuwa ameshakufa na kurudi hivyo zaidi ya mara moja. Ila akili ikishamiminwa, mtambo ulibaki mtupu mpaka mwili mpya upate nguvu za kutembea. Ndipo aliponakiliwa upya. Akifa kabla ya hapo, amekufa kweli.

Sasa alikuwa amelipuliwa tena, na mpaka atembee angekuwa mikononi mwa shangazi. Mfamasia wa hospitali, mmoja wa watu waliotaka vita vikome kwa njia yoyote, alilijua hilo. Alimletea habari ya sindano ndogo ya kusimamisha moyo. Shangazi hakuhitaji kubembelezwa.

"Amenipotezea mdogo wangu," alimjibu. "Lete."

Asubuhi alipoingia wodini, aliyelala kitandani alikuwa mdogo wake.

Uso ule ule, pengo lile lile la meno. Uso ukatabasamu.

"Dada, mbona unanitazama kama umeona jini?"

Sauti ilikuwa ya baba. Maringo yalikuwa ya mtu mwingine.

Sindano ilibaki mfukoni. Alimnyoosha magoti, akamsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akamkalisha. Kila siku alimchelewesha kidogo, akisema misuli bado. Mfamasia alidhani anavizia nafasi nzuri. Kumbe alikuwa anamtafuta mdogo wake. Ukichoka, mwili ule uliegemea kushoto, kama baba alivyoegemea mlangoni akivua viatu. Ukicheka, ulifumba jicho moja. Shangazi alijiambia, huenda yumo.

"Wiki ijayo wanamnakili," mfamasia alimnong'oneza stoo. "Unangoja nini, aote mizizi?"

"Nangoja anijue."

"Nani akujue?"

Kesho yake, shangazi akiwa amemshika Jemadari kiunoni kati ya vyuma, aliamua kusema.

"Mwili huo ni wa mdogo wangu, Jemadari."

Jemadari aliutazama mkono wake, akaugeuza huku na huku. "Pole, dada. Ni mwili mzuri. Nitautunza."

"Ana binti. Yuko chuoni." Shangazi aliukazia macho uso wa baba yangu, akingoja chochote, hata kope icheze.

"Binti!" Jemadari alisema, kwa kupendezwa kweli. "Mkubwa? Magoti yake mazima? Maana wa umri huo ndio tunaowataka sasa."

Shangazi akamwambia anyooshe mkono, akatoa sindano mfukoni.

Alimshika asianguke, akamlaza polepole sakafuni, ndipo akaita watu. Moyo wa mwili mpya kugoma halikuwa jambo geni, hakuna aliyemshuku. Redio zilipiga muziki wa huzuni, na mazishi yakawa makubwa. Vita viliendelea bado, watu wakazidi kufa, mpaka aliyemrithi Jemadari alipochoka akakubali kukaa mezani. Mimi sikuchukuliwa. Nilimaliza chuo, nikapata kazi, nikaanza kuota mvi.

Shangazi alifanya kazi ile ile hadi akastaafu. Mshonaji alimtania kama zamani, naye alijibu kama zamani. Ila wakati wa kula hakukaa mkabala nami, alikaa ubavuni. Nilidhani sikio moja limeanza kuziba. Nina uso wa baba.

Alinisimulia haya mwaka huu, akiwa yeye ndiye mgonjwa. Nilimuuliza nifanye nini na habari kama hiyo.

"Lile kaburi la marumaru mbele ya bunge," akasema, "aliyelala mle ni baba yako. Nenda ukamlilie, mwanangu. Walinzi wakikuuliza, waambie unamlilia Jemadari."