Hakimu wa Kiwanda cha Siki

Shangazi yangu ni mtu wa kuudhi, na nasema hivi nikimpenda. Atakuambia chai yako haijaiva kabla hujaifikisha mezani, na ukibishana naye atakutazama kama mtu aliyekosea nyumba. Kazi ndiyo iliyomharibu. Kwa miaka mingi alikuwa msomaji wa kipimo katika kiwanda cha siki, na neno lake halikuwa na rufaa.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kizamani hata wakati huo: bomba la kioo lenye zebaki, refu kama mkono, limefungwa kwenye ubao, na kando yake bamba la shaba lenye namba. Juisi ya matunda ikianza kuchachuka ndani ya pipa hupata joto. Joto likipita mstari mwekundu uliochorwa kwenye bamba hilo, chachu hufa na pipa zima huharibika. Shangazi alikitumbukiza, akasoma, akatangaza. Wafanyakazi walikibatiza jina la Hakimu.

Baba yangu, mdogo wake, alifanya kazi hapo hapo. Shangazi ndiye aliyemwombea. Baba aliosha mapipa, akayajaza, na yakipata moto akayamwagia maji ya baridi kwa nje. Yeye alipima kwa kiganja. Pipa la mwisho la msimu mmoja lilimtia wasiwasi.

"Dada, hili linaungua," alisema.

Shangazi akamsoma Hakimu. Zebaki ilikuwa chini ya mstari mwekundu, tena mbali.

"Bado. Usilimwagie maji, utalizimisha."

Baba akaacha. Kesho yake pipa lilikuwa limekufa.

Meneja alitaka wa kumbebesha lawama. Kama joto halikuzidi, basi pipa halikuoshwa vizuri, na mwosha mapipa alikuwa mmoja tu. Shangazi aliitwa ofisini akasema alichokisoma, hakuongeza wala hakupunguza. Baba akafukuzwa kazi. Msimu uliofuata vikaja vipimo vya umeme, na Hakimu akatundikwa ukutani ofisini kama picha ya marehemu.

Baba hakugombana na dada yake. Wakikutana alimwamkia, akamuuliza hali, akatafuta njia ya kuondoka. Kwa miaka kumi na moja sisi watoto tulijua kwamba ana kinyongo naye, na mimi nilimsaidia kukibeba.

Mwezi uliopita Shangazi alistaafu, wakampa Hakimu awe ukumbusho. Nilikwenda kwake kumsaidia kukisafisha. Nilipofungua skrubu na kulitoa bamba, nikaona lina matundu mawili kila upande, moja juu ya jingine. Kwenye ubao palikuwa na alama ya mahali lilipokaa zamani, na alama ile ilikuwa chini ya pale nilipolitoa, kwa upana wa kidole.

"Shangazi, bamba hili limewahi kufunguliwa?"

"Mara moja tu. Wageni walikuwa wanakuja kiwandani, nikaling'arisha mpaka nyuma." Mkono wake wenye kitambaa ukasimama. "Wiki ile ya pipa la baba yako."

Akaniambia nilirudishe bamba vilevile lilivyokuwa, kisha niinjike maji. Yalipochemka tukakitumbukiza kipimo. Zebaki ikapanda, ikasimama kwenye themanini na nane. Maji yanatokota mbele ya macho yetu, mvuke unatuunguza vidole, na Hakimu anasema themanini na nane badala ya mia. Shangazi alikaa chini, sakafuni, mtu ambaye hakai hata kwenye kigoda bila kukifuta kwanza.

"Nililifunga juu, kipimo kikasoma chini," alisema. "Mimi mwenyewe."

Hatukungoja jioni. Tulimkuta Baba uani kwake akigongelea mguu wa kiti. Shangazi hakuketi. Alimweleza yote kwa mkupuo mmoja: bamba, matundu, maji ya moto. Mimi nilisimama pembeni nikisubiri Baba alipuke, na kwa kweli nilitaka alipuke.

Baba akaweka nyundo chini.

"Kwa hiyo lile pipa nililiosha," alisema.

"Uliliosha, mdogo wangu."

"Siku ile nilikuwa nimechoka. Nikajiambia labda brashi haikufika chini kabisa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikaona nimekuaibisha, na wewe ndiye uliyeniombea kazi."

Kumbe hapakuwa na kinyongo. Miaka kumi na moja Baba alikuwa akimkwepa dada yake kwa aibu, kwa kosa ambalo hakulifanya, na sisi nyumbani kwake tukala naye, tukacheka naye, hata mmoja wetu asimuulize.

Baba akamvutia Shangazi kile kiti kibovu, akamshika mkono akamkalisha. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba na mimi nilikuwa nikimshuku siku zote hizo.

"Nililiosha," aliniambia.