Zima, Nzima

Msimamizi wa kiwanda cha kufulia alipewa cheo kwa sababu ya koo lake. Wenzake waliomba nafasi ile kwa kutaja vyeti, wengine kwa kutaja miaka waliyotumikia. Yeye alikuwa na sauti. Mle ndani mashine za kufulia zinanguruma, za kukaushia zina makelele yake, na pasi kubwa ya rola, ile inayonyoosha mashuka ya hoteli na ya hospitali, inalalamika toka asubuhi mpaka watu wanavua aproni. Ukisema kwa sauti ya kawaida unaongea na kifua chako mwenyewe. Yeye akifungua kinywa, hata aliye chooni anajua ameitwa. Wakampachika jina la Spika, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na mama yake.

Kusema kweli, alilipenda. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akigawa amri huku na huku: leta, toa, kunja, fungua, zima. Watu walimjibu kwa kichwa au kwa kidole gumba, maana nani angeweza kushindana na koo lile? Hakuwa na roho mbaya. Aliamini tu kwamba neno likishatoka kinywani mwake limefika, na kama halikufika, basi kuna mtu anayevaa masikio kama urembo.

Nyuma ya pasi ya rola ndiko kwa Mzee Swichi. Alipokea mashuka yaliyonyooshwa, akayakunja, na swichi ya mashine ilikuwa chini ya mkono wake. Baina yake na ukumbi kulikuwa na mwili wa mashine, chuma kirefu kuliko mtu, na mvuke juu yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekaribia kustaafu na kiinua mgongo chake. Upande wa mbele, panapoingizwa mashuka, alisimama mke wa kaka yake Spika. Kazi ile Spika mwenyewe ndiye aliyemtafutia wifi yake, na hakuacha kumkumbusha.

Siku ya mkasa, pasi ilikuwa imetoka kutengenezwa. Fundi alikuwa ameifumua asubuhi na kuirudisha, akaondoka na mfuko wake wa spana. Kabla ya chakula cha mchana, shuka likajiviringisha kwenye rola za mbele, rola zikakwama na mota ikaendelea kunguruma. Wifi akapunga mkono. Spika, kutoka pale pale alipozoea kusimama, akapaza sauti:

"Zima!"

Nyuma ya mvuke sauti ya Mzee ikajibu, na kidole gumba kikachomoza juu ya ukingo wa chuma. Spika akasikia "nimezima." Akamgeukia wifi yake.

"Haya, toa!"

Rola zilikuwa zimetulia kwa kukwama, kwa hiyo aliyesimama mbele angeapa kwamba zimezimwa. Wifi akaingiza mkono, akalivuta shuka, rola zikapata nafasi na kuendelea na safari yake, na vidole vya mtu vikiwa ndani. Ukelele alioupiga ndio pekee uliowahi kumshinda Spika mle kiwandani.

Daktari alisema mkono utapona, ila vidole vitachelewa kukunjika, na asitegemee vitakuwa vile vya zamani. Meneja akamwita Mzee Swichi, akamuuliza kwa nini aliambiwa azime akakataa.

"Sikuambiwa nizime," Mzee alisema. "Niliulizwa kama mashine ni nzima. Imetoka kwa fundi, na huku kwangu nyuma ilikuwa inanguruma vizuri. Nikajibu, nzima."

Maneno hayo yalipomfikia Spika, damu ilimchemka. Wifi yake amefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo, na huyu mzee anacheza na maneno! Alisema zima, watu wote walimsikia akisema zima, na angekula kiapo mbele ya yeyote. Kaka yake naye hakutaka kusikia jingine: mzee aondoke. Meneja akapanga kikao cha kesho yake. Kilichobaki ni Spika kuthibitisha kwamba alitoa amri, na unga wa Mzee Swichi umwagike, kiinua mgongo na yote.

Jioni Spika alirudi nyumbani na uchovu wake. Aliishi na mama yake, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuchagua la kusikia. Mama alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anachambua mboga, na birika limechemka mpaka kifuniko kinacheza. Spika, akiwa sebuleni anafungua kamba za viatu, akapaza sauti kama kawaida yake:

"Mama, zima!"

"Mzima, mwanangu! Mgongo tu ndio unanisumbua. Na wewe je?"

Birika likaendelea kucheza. Spika akabaki ameshika kamba ya kiatu. Kisha akaenda jikoni na kiatu kimoja mguuni, akazima jiko mwenyewe, akamtazama mama yake. Mama alikuwa anatabasamu, amefurahi kujuliwa hali.

"Mbona umeniangalia hivyo?" mama aliuliza.

"Mama, umesikia nimesema nini?"

"Si umeniuliza kama mimi mzima? Au sasa kuniuliza ni kosa?"

 Chai ilimshinda Spika. Alimwona Mzee Swichi kila alipotazama, na kidole gumba chake juu ya ukingo, na alijua kwamba asubuhi itakapofika ataulizwa swali moja tu, na jibu lake la kweli litamfukuzisha mtu asiye na kosa. Aliogopa. Akisema jingine, watamuuliza nani basi aliyemwambia wifi atie mkono.

Kwenye kikao Meneja hakupoteza muda. "Ulimwambia azime. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo," Spika alisema. "Lakini hakusikia zima. Alisikia nzima."

"Hayo ndiyo aliyosema yeye."

"Na amesema kweli. Twende ukumbini, bosi. Nitakuonyesha."

Wakashuka. Spika akamsimamisha Meneja nyuma ya pasi, mashine zote zikinguruma, akaenda katikati ya ukumbi, akapiga moyo konde na kupaza sauti. Meneja akatokeza kichwa.

"Zima," alisema. "Nimesikia vizuri kabisa."

Wakunjaji wa mashuka wakainamisha nyuso, wengine wakauma midomo wasicheke. Spika alihisi uso unamwaka. Akajikaza kisabuni, na kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule akamfuata mtu mpaka alipo ili aongee naye.

"Umesikia kwa sababu ulijua nitasema nini," alimwambia. "Mzee hakujua. Mashine imetoka kwa fundi, angetegemea nini kama si kuulizwa hali yake? Na mimi alipojibu nzima, nikasikia nimezima, kwa sababu ndilo nililotaka kusikia. Nilikuwa pale." Akaonyesha katikati ya ukumbi. "Sikuja huku kutazama swichi. Na aliyemwambia wifi yangu atoe lile shuka ni mimi. Wala si Mzee."

Meneja alimtazama, akatazama swichi, akatazama pale katikati ya ukumbi. Mzee Swichi alibaki kazini. Spika alipewa onyo kali na kuambiwa cheo chake kinaning'inia. Kaka yake hakumsemesha kwa muda mrefu. Wifi ndiye aliyemsemesha kwanza, akiwa bado na bendeji: "Nilijua ni wewe uliyeniambia nitoe, wifi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Kiwandani neno zima likapigwa marufuku kwenye mashine. Sasa ni "kata," na anayeambiwa kata hurudia, "nakata," na hakuna mkono unaoingia kabla msimamizi hajaiona swichi kwa macho yake. Wenye mdomo wakaanza kusema Spika amekatika waya. Alisikia, akaenda kutazama swichi.

Siku iliyofuata kikao, Spika alizunguka nyuma ya pasi kumwomba radhi. Mzee aliendelea kukunja.

"Yamekwisha, binti," alisema. "Lakini nikwambie kitu. Tangu umekuwa mkubwa wetu hujawahi kuniuliza neno. Ni leta, toa, fungua. Siku ile nilipokusikia, nilijisemea, leo kaniuliza. Nikafurahi. Ndiyo maana nikakujibu kwa nguvu vile."

 Spika alisimama akitazama mashuka yanavyotoka, meupe, ya moto, moja baada ya jingine. Hatimaye akaweka mkono juu ya ukingo wa chuma.

"Mzee," alisema, kwa sauti ambayo huko ukumbini hakuna aliyeisikia. "Nzima?"

 Mzee aliliweka chini shuka alilokuwa amelishika, akainamia mashine upande wa kushoto, akatega sikio.

"Njoo usikilize mwenyewe," alisema, akasogea kumpisha.